Wale Wote Walikuwa Mimi

Mtongwe, alasiri

Mwanangu Salama,

Sianzi kwa kukuuliza hali, maana hali yako naijua. Nimekuona asubuhi ukikunja nguo zile zile, ukizitoa sandukuni, ukizikunja tena. Sasa umekwenda Timbwani kumuaga bibi yako, na mimi nimebaki hapa uani na karatasi alizoniletea mjombako. Nikimaliza nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako, kisha nitakwenda kwa mjombako nikae huko mpaka watu watoke kuswali Isha. Isome peke yako. Nikiwepo nitakutazama usoni, na nikikutazama usoni nitaipokonya.

Mwandiko wangu unaujua. Herufi hizi nilizipata kwa vitabu vyako, jioni ulipokuwa ukinifundisha kwa ukali kama mwalimu mwenye fimbo. Pale nilipokosea, nisamehe.

Usitafute humu habari za kula, kulala, wala watu wa bara. Hayo mjombako ameshakwambia mpaka umechoka, na yeye huko Nairobi unakokwenda amekaa. Mimi sijapata kuvuka Mariakani. Sijui baridi ya huko ikoje, wala sijui nesi akiamka huanzia wapi. Nimejaribu kukuwazia ukiwa katika nguo zile nyeupe, na picha haiji. Kila nikijaribu namwona mtoto wa miaka sita anawavuta watu mikono, anacheka. Ndipo nikajua kwamba ninalotaka kukwambia ni lile ambalo katika nyumba hii hatulitaji.

Babako, Athumani, Mungu amrehemu, alikuwa akifunga kamba za feri pale kivukoni Likoni. Alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini. Aliponioa niliingia nyumba ya mavyaa wangu, yaani bibi yako Mwanaidi, nyumba kubwa ambayo kila kitu ndani yake kilikuwa na mwenyewe. Sufuria hii ya marehemu babu, chano hiki cha shangazi, chetezo kile kisiguswe. Mimi nilikuja na sanduku langu la nguo, likachukuliwa likawekwa chini ya kitanda cha bibi yako, ati lisiingie mende. Nikitaka leso ya kubadili, niombe. Bibi yako hakuwa mbaya. Hivyo ndivyo alivyofanyiwa naye alipokuja kama bibi arusi, na yeye aliona huko ndiko kutunzwa.

Kabla yako alizaliwa kakako Swaleh. Hapo nikawa mtu. Nilikuwa Mama Swaleh kisimani, Mama Swaleh sokoni, hata bibi yako akiniita hivyo kwa sauti ya kunyenyekea kidogo. Mtoto alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa homa ilipomchukua. Matanga yalipokwisha, nilirudi kisimani, na wanawake wakiniona wanafungua midomo kisha wanaifumba. Hawakujua waniite nani. Kuniita Mama Swaleh waliona wataniumiza. Kuniita Riziki, mtu niliyekwisha zaa, waliona watanivunjia heshima. Basi wakaniita "wee". Wee, nipishe. Wee, ndoo yako hiyo.

Siku moja nilikuwa jikoni napakua mchuzi. Upawa unaujua, ni kifuu cha nazi na mpini wake tu. Nikautazama nikaona kichwa kilichoinama. Sijui nilisukumwa na nini. Nilikwenda nikatoa kipande cha mbeleko ya Swaleh, ile nguo niliyokuwa nikimbebea, nikaufunga upawa ule kama mama anavyojifunga mtoto mgongoni, na mgongoni pakawa patupu. Nikausimamisha stoo nyuma ya gunia la makaa. Nikasema moyoni, huyu ndiye Mama Swaleh, naakae hapa, mimi niende nikapike. Wallahi nilikwenda nikapika. Ilikuwa mara ya kwanza kupika tangu msiba bila kuunguza chungu.

Ndivyo nilivyoanza. Kila nilipogeuzwa kuwa mtu mwingine, nilikwenda stoo na kitu cha jikoni nikamweka yule niliyekuwa. Nilimtengeneza bibi arusi kwa kitana kilichokatika meno na uzi wa asumini uliokauka. Nilipopata kazi ya yaya kwa Mzungu mmoja upande wa ufuoni, pale nilipoitwa "aya" tangu asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyeniuliza jina, nilichukua kikombe cheupe cha bati kilichobanduka, nikakigeuza kifudifudi, nikakivika kitambaa nilichokipiga wanga. Nilimtengeneza mkaza mwana, yule wa kuomba leso, kwa mwiko wa ugali. Nilimfunga uzi kiunoni, na mabegani nikamtia kipande cha leso ya bibi yako, pindo lililokuwa limechanika, nililoliokota uani. Nyuso sikuwatia hata mmoja. Nami nilikwenda chuoni kusoma Kurani, najua mambo ya sanamu.

Ulipozaliwa nikawa Mama Salama, na huyo alikuwa ungo uliotoboka niliouzungushia vifungo vya rangi zote. Huyo nilimtundika juu, si nyuma ya gunia.

Wewe uliwagundua kabla hujajua kusema sawasawa. Hukuwaogopa. Ulikuwa ukikaa nao mchana kutwa, ukiwapikia mchanga, ukiwagombeza. Ulikuwa ukiniuliza, "Na huyu nani?" Nakujibu, "Huyu ni mimi wa kwa Mzungu." Ukamwamkia, "Shikamoo mama wa kwa Mzungu," ukajiitikia mwenyewe, "Marahaba." Siku moja ulikunja kijiko mpaka kikapinda, ukakichomeka kwenye udongo wa ukuta, ukaniambia, "Huyu ni wewe ukinikasirikia." Nilicheka nikakaa chini. Salama, wewe ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kuniongezea mmoja.

Sasa nafika pale.

Ilikuwa arusi ya shangazi yako. Uani palijaa wanawake, wengine wanachambua mchele, wengine wanamenya thumu. Babako alikuwa ndani amelala, mguu umemvimba na homa inakuja inaondoka, na hospitali walikuwa wamemrudisha na dawa ya kunywa. Wewe ulikuwa umevaa gauni jipya na umejaa furaha mpaka hujui uipeleke wapi. Nilikusikia ukisema, "Njooni mwaone mama zangu." Nilikuwa na mikono ndani ya unga. Nilikusikia na sikuinuka, kwa sababu nilidhani watacheka tu kama unavyocheka wewe.

Halafu bibi yako akaita. "Riziki!"

"Abee, mama."

"Njoo hapa."

Dirisha la stoo lilikuwa limefunguliwa, na wanawake wamesimama mlangoni. Bibi yako alikuwa ameshika ule mwiko.

"Hivi ni nini?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe nani?"

"Hawa wote ni mimi. Huyu ni mimi nilipokuja kuolewa. Huyu ni mimi wa kazini. Yule ni mimi wakati wa Swaleh..."

"Na huyu wa mguu mmoja?"

"Na huyo pia ni mimi."

"Mwanangu yumo ndani mguu umeharibika," akasema, na hofu yake haikuwa ya kuigiza, "na wewe humu una mtu wa mguu mmoja, umemfunga uzi, umemvika leso yangu. Unaniambia ni wewe?"

Mwiko una mguu mmoja, mwanangu. Ungekuwa na miwili vipi?

Babako alitoka akishika ukuta. Aliutazama ule mwiko, akasema, "Mama, huo si mwiko?" Bibi yako akamwambia, "Wewe nyamaza, wewe ndiye uliyefungwa." Nilimtazama ili aseme tena. Alisema mara ile moja tu.

Wakavitia vyote kwenye kikapu, wakaenda navyo ufuoni, wakavitia moto. Nilifuata nyuma kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Wewe ulikuwa umeshika leso yangu, unalia mpaka huwezi kupumua, unaniambia, "Mama, wanakuchoma. Mama, wanakuchoma wewe." Nilikuziba mdomo kwa kiganja. Nilisema, "Shsh. Usiseme tena."

Nimekaa na kiganja kile miaka yote hii. Nilidhani nakukinga na wale wanawake, wasije wakasema mtoto naye yumo. Lakini wewe ulisikia jambo jingine. Ulisikia kwamba mdomo wako ndio ulioleta yale yote. Sikulijua hilo wakati ule. Nilikuja kulijua polepole, kama mtu anavyojua paa linavuja.

Arusi haijaisha, babako akaniandikia talaka, moja. Bibi yako alikuwa ameacha kula mpaka aandike. Nikakuchukua, tukaja hapa Mtongwe kwa mamangu, nikaanza kukaa eda.

Hujui, ulikuwa umelala, lakini babako alikuwa akija. Alikuwa akichechemea njia yote ile, anakaa kizingitini kwa nje kabla ya magharibi, mimi niko ndani. Alikuwa akisema, "Nitakurejea, Riziki. Nipe muda mama atulie." Na mimi nikimjibu, "Inshallah." Siku moja aliniuliza, "Mle stoo, mimi nilikuwamo?"

"La," nikamwambia. "Wewe sikukutengeneza."

"Aa," akasema. "Nilidhani ningekuwamo."

Nilitaka kumweleza kwamba nilikuwa nikiwaweka wale nilioachana nao, na yeye sikuwa nimeachana naye. Lakini wakati nayatafuta maneno alikuwa ameshainuka. Sikumwita. Nilidhani atarudi kesho yake, na kesho yake hakuja, na aliyekuja ni mtu wa kuleta habari. Mguu ule ulikuwa umemtia sumu mwilini.

Hapo ndipo nilipokuwa mtu nisiyejulikana kabisa. Wengine walikuja kunipa pole, wengine wakasema, pole ya nini, si alimwacha? Mwalimu wa msikiti akasema eda yangu haijaisha na talaka ilikuwa ya kurejewa, kwa hiyo mimi ni mjane, nianze upya eda ya kufiwa. Nilishukuru kuambiwa. Nilikwenda Timbwani kumlilia mume wangu, na mlangoni nikaambiwa na shangazi yako, kwa upole, kwamba mama hawezi kuniona. Nikarudi. Nilivua rangi, nikavaa nyeupe, nikakaa. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kitu cha kushika, upawa, kopo, chochote, na mimi naikalia.

Yaliyofuata umeyaona mwenyewe. Nilirudi kwa Mzungu, nikashona, nikaoka mikate ya mofa nikauza. Nimekuwa watu wengi wengine katika miaka hiyo na sikumtengeneza hata mmoja. Ila mara ile moja, na hiyo ndiyo ninayotaka uijue kwamba niliiona.

Ni siku ulipofaulu mtihani wa mwisho na mwalimu wako akaniita shule, akaniinukia, akanipa kiti, akasema, "Karibu mama." Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Mikono haikuniuliza. Nilichukua kinu kidogo cha thumu, nikakichomekea kalamu yako iliyovunjika ncha, nikakivika mkanda wa gauni lako la zamani la shule, nikakiweka juu ya kabati. Kisha nikaenda kuchota maji.

Nilipokuwa narudi nikakuona kupitia mlangoni. Ulikuwa umesimama mbele yake. Ulitazama nyuma yako kama kuna mtu. Halafu ulikifungua kile kitu taratibu, ukakunja mkanda ukautia mfukoni, ukaosha kinu, ukakikausha, ukakirudisha mahali pake, ukafuta na vumbi la kabati. Hukukasirika. Ulifanya kama mtu anavyomfunika mgonjwa. Ukanikinga, mwanangu. Ulikuwa na umri gani, ukamkinga mamako na majirani?

Nilisimama pale na ndoo kichwani. Nilitaka kuingia nikwambie, Salama, si wewe. Uliita watu waje waone kitu ulichokipenda. Kosa la hilo liko wapi? Nilitaka kusema hivyo hivyo, kwa maneno haya haya. Badala yake nikapiga hodi katika nyumba yangu mwenyewe, ili upate kumaliza. Ukaitika, "Karibu mama," nasi tukala.

Tangu hapo nakuona. Huachi kikombe mezani. Huazimi kitu, huombi kitu, hugusi cha mtu. Watu wananisifu kwamba nimelea mtoto nadhifu, na mimi naitika sifa hiyo.

Mwezi uliopita bibi yako aliniita. Hilo sikukwambia. Macho yake, unavyojua, yanaona mwanga tu. Nilimwamkia, akanionyesha pa kukaa kitandani pake, mahali ambapo sikupata kukaa nilipokuwa mke wa mwanawe. Akasema, "Ule wenye kipande cha leso yangu, ulikuwa nani?"

"Mimi mama. Nikiwa mkaza mwanao."

"Na mbona uliutia leso yangu?"

"Katika nyumba hii sikuwa na kitu changu."

Alikunja na kukunjua pindo la shuka. "Ungeniomba ningekupa," akasema.

"Najua, mama."

Nilimsubiri, labda kuna neno jingine linakuja. Akaniuliza kama mvua imenyesha huku Mtongwe. Nikamwambia imenyesha. Ndivyo tulivyoachana. Sijui kama ile ilikuwa suluhu. Nilitembea mpaka nyumbani nikijiuliza, na hata leo sijui.

Nakwandikia haya yote na bado nayaona hayatoshi. Nilidhani nikishayaandika yatakuwa dawa, nikupe, uinywe, upone kabla ya gari la moshi kuondoka. Lakini wewe ndiye unayekwenda kusomea dawa, mimi sijui zinavyofanya kazi. Naweza kukwambia si wewe mara mia na bado ukawa unafuta kabati huko bwenini kwenu. Mambo mengine mtu humpa mtoto wake bila kukusudia, na akitaka kuyarudisha hapati pa kuyashikia.

Huko watakuita majina mengine. Watakuita sista, watakuita mtu wa pwani, wengine watakuita Mwarabu na wengine watakwambia hufanani nao. Mjombako anasema hata sisi tuliobaki hapa hatujui mwakani tutakuwa watu wa nani, maana barazani wanagombana kila siku kama pwani hii itafuata bendera ya Sultani au ya bara. Sina la kukufundisha katika hayo. Mimi kila nilipoitwa jina jipya niliitika abee, kisha nikatafuta pembe ya kumweka yule wa zamani asipotee. Pengine wewe hutahitaji pembe. Pengine utaweza kuwa wote hao hadharani, na watu wakawatazama wasiogope. Ningependa kuliona hilo. Sitakuwepo kuliona.

Juzi nilijaribu kumtengeneza huyu wa kesho, mama ambaye mwanawe hayupo nyumbani. Nilichukua kata ya kuchotea maji, nikachukua chujio, nikachukua kile kifuniko kisicho na sufuria. Hakuna kilichosimama. Nilijaribu mpaka nikasikia unakuja, nikavirudisha, na nadhani uliona kwamba havikuwa vimekaa sawasawa, kwa sababu baadaye nilivikuta umevipanga.

Leo ulipotoka nimelifungua sanduku lako. Nisamehe. Nguo, viatu, Msahafu, barua ya hospitali. Hakuna kitu hata kimoja cha nyumba hii. Hakuna kijiko. Nilitia bakuli lile la maua, nikalitoa. Nikatia leso yangu, nikaitoa, nikaona nitakuwa nakuchagulia nawe hujawahi kuchagua. Nimeliacha wazi.

Kwa hiyo, Salama, mimi sipo, na nyumba ni yako mpaka Isha. Zunguka. Shika unachotaka, kigeuze, kivunje ikiwa kitavunjika. Chukua kimoja, usiniulize, usinionyeshe. Kesho nikirudi kutoka stesheni nitaingia jikoni, na nikiona pengo nitajua umechukua nini. Na nisipoona pengo lolote, nitaanza kutafuta tena, huenda sikutazama vizuri.

Mamako,
Riziki